Tairi za theluji chini ya 4x4 yako Goma: dalili, chanzo na dawa

Mvua ilikuwa imekatika dakika chache tu. Nilikuwa nashuka kutoka Munigi kuingia mjini, kilomita 50 kwa saa, sina haraka, na motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, aliyebeba mama na mtoto akakata mbele yangu bila kutazama nyuma. Nikakanyaga breki. RAV4 yangu, Toyota ndogo ya 4x4, ninaijua, najua inasimama wapi. Siku ile ilipapita pale nilipozoea, pedali ikitetemeka chini ya kiatu, ikaja kutulia karibu kabisa na gurudumu la nyuma la pikipiki. Yule mama aligeuka akanitazama. Sijayasahau macho yake.

Tairi zilikuwa na wiki tatu kwenye gari. Nilizinunua Birere, za mtumba, na nilizichagua mwenyewe kwa sababu meno yake yalikuwa marefu kuliko za wengine wote. Kidole kilizama. Kesho yake nikaenda kwa kwado wangu, fundi wa tairi wa kando ya barabara, nikamwambia breki zimekufa. Hakugusa breki. Alichota maji kwenye karai lake la kutafutia pancha, akasugua ukuta wa tairi kwa kitambaa, vumbi la kijivu likaondoka, na pale chini pakatokea mchoro mdogo usiozidi ukubwa wa kifungo cha shati: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji.

"Papa, unaona kilima hiki? Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya baridi. Breki yako ni nzima."

Tangu siku hiyo nimesaidia majirani na wenzangu wengi wenye 4x4, na naona jambo lile lile likijirudia. Tunachagua tairi na rimu kwa jicho na kwa kidole. Halafu gari likianza kusumbua tunabadilisha shokapu, au amortisere kama tunavyosema hapa, tunabadilisha rotili (viungio vinavyoruhusu gurudumu kugeuka), tunafungua giaboksi, kumbe ugonjwa umekaa palepale gari linapogusa barabara. Nimepanga yafuatayo kwa dalili, jinsi dereva anavyoziona.

Kwanza, osha ukuta wa tairi

Kabla ya kumlipa fundi yeyote, chukua ndoo ya maji na uoshe ukuta wa tairi zote, pamoja na ya akiba. Pande zote mbili, maana alama nyingine huwa upande wa ndani.

Ule mlima wenye chembe ya theluji maana yake tairi ilijaribiwa kwenye theluji na kufaulu. Herufi M+S zina uzito mdogo zaidi: zinasimama kwa matope na theluji, lakini kiwanda chenyewe ndicho kinachozichapa kwa kuangalia umbo la meno, na tairi nyingi za kawaida za 4x4 zinazo. Basi M+S peke yake isikutishe wala isikufurahishe. Na hata mlima peke yake usitoe hukumu, kwa sababu siku hizi kuna tairi za njia zote, zile ngumu zenye alama A/T, ambazo nazo zimefaulu mtihani huo.

Kinachomaliza ubishi ni meno yenyewe. Tairi halisi ya baridi ina mikato mingi sana myembamba juu ya kila jino, ya kupindapinda, kana kwamba mtu amepitisha wembe kwenye ugali uliopoa. Bonyeza jino kwa ukucha wa kidole gumba: kama tairi haijazeeka, mpira unabonyea. Zilizotoka Japani mara nyingi zina neno STUDLESS ubavuni, yaani isiyo na misumari. Wajapani walipitisha sheria mwaka 1990 ya kuzuia tairi zenye misumari, kwa sababu misumari ilikuwa ikisaga lami na kujaza vumbi mijini, na viwanda vyao vikageukia mpira laini wenye mikato. Nyingi ya hizo zina herufi Q mwishoni mwa vipimo, yaani mwisho wake ni kilomita 160 kwa saa. Zilizotoka nchi za kaskazini mwa Ulaya utazikuta na vitundu vya mviringo vya kupachikia misumari, wakati mwingine misumari yenyewe bado imo.

Halafu tafuta tarakimu nne baada ya maandishi DOT. Ukiona 3118, tairi ilitengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2018. Iliyopita miaka 10 iache, hata kama meno yake yanang'aa.

Na kwa nini zinatufikia zikiwa na meno marefu hivyo? Hapo ndipo wengi tunapotegwa. Austria, kwa mfano, tairi ya baridi ya radial ikishuka chini ya milimita 4 haihesabiwi tena kisheria kuwa tairi ya baridi. Japani, tairi hizo zina kialama ndani ya mifereji kinachojitokeza zikishalika nusu, na hapo mwenyewe anajua hazifai tena kwenye barafu. Kwa mwenye nazo kule ni tairi iliyokwisha. Kwetu, ambako tumezoea kuona nyuzi za ndani zikichungulia, tunaiona kama mpya.

Jihadhari pia na tairi iliyochongwa upya kwa kisu cha moto. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya mpira vinavyoonyesha kina cha milimita 1.6. Ukiona mfereji umechimbwa kwenda chini kuliko kituta, mtu ameula mpira unaolinda nyuzi. Iache hapo hapo.

Usukani unaelea na breki ni ndefu kwenye lami

Hii ndiyo iliyonipata mimi. Ukienda kilomita 60 au 80 kwa saa, unageuza usukani kidogo na gari linachelewa kuitika, kama mtu aliyeitwa usingizini. Kwenye kona unahisi mwili wa gari unaendelea kujongea wakati magurudumu yameshageuka. Ukifunga breki kwa nguvu, ABS (kifaa kinachozuia magurudumu yasijifunge) inaingia mapema. Barabara ikiwa kavu na jua kali, tairi zinavuma.

Mpira wa tairi ya kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Mpira wa tairi ya baridi umechanganywa ili ubaki laini hapo, na kwenye nyuzi sifuri, na chini yake. Goma mjini tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na tunajiona tuna baridi, lakini baridi yetu ni ya sweta tu. Mchana hewa inafika nyuzi 25, na barabara nyeusi iliyopigwa na jua ina joto zaidi ya hewa. Hapo ule mpira laini unakuwa laini kupita kiasi, na yale meno yaliyokatwakatwa yanalala na kuinuka kila gurudumu linapozunguka. Unapofunga breki, jino linapinda kwanza ndipo lishike. Mita zinazopotea hapo ndizo zilizonikosesha usingizi.

Namna ya kutofautisha na rotili au shokapu: inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, tafuta rotili au beringi. Kama ni imara, bonyeza kona ya gari kwa uzito wako wote uachie. Likirudi mara moja na kutulia, shokapu ni nzima. Vyote vikiwa vizima na gari bado linaelea, azima magurudumu ya rafiki mwenye gari kama lako, yavae kwa saa moja, uzunguke njia ile ile. Mimi nilifanya hivyo na sikuhitaji mtu wa kunieleza tena.

Watu wengi hujaribu kuongeza upepo ili tairi "ikaze". Usifanye. Tairi iliyojaa kupita kiasi inagusa barabara kwa katikati tu, na breki inazidi kuwa ndefu. Fuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. RAV4 yangu inataka kama bari 2.2, ambazo makwado wetu wanaziita kilo.

Dawa ni kubadilisha zote nne. Ninajua bei yake, na ninajua kwamba kuna anayesoma hapa ambaye hataweza mwezi huu. Basi zitumie taratibu ndani ya mji, acha nafasi mara mbili ya ile uliyozoea mbele yako, na usizipeleke safari ndefu ya mwendo kasi. Wenzetu wa Lubumbashi nawasihi zaidi: asubuhi za Juni na Julai mnavaa makoti na mtu anaweza kudhani tairi za baridi zinafaa, lakini Oktoba, gari limepakia, njia ya Likasi na Kolwezi kwa kilomita 100 kwa saa, mpira ule unapata joto hadi vipande vinaachia.

Jambo ambalo sitalikubali hata kwa shida ya pesa ni kuweka mbili za baridi na mbili za kawaida. Mvua ikinyesha, mbele inashika tofauti na nyuma, na katikati ya kona gari linazunguka lenyewe. Bora nne mbaya zinazofanana.

Meno yanamenyeka vipande vipande

Ukikuta kona za meno zimeng'oka kama mkate uliotafunwa na panya, na mikato midogo imejaa vijiwe vyeusi, hiyo ni kazi ya mawe yetu. Lava iliyoshuka kutoka Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na mitaa kadhaa tunaendesha juu yake hadi leo. Jiwe lile likivunjika linatoa makali kama chupa. Tairi ya theluji haikubuniwa kwa jiwe. Mpira wake laini unakatwa, kijiwe kinaingia kwenye mkato na kila mzunguko kinazama zaidi.

Kila Jumapili mimi huchukua bisibisi ndogo na kutoa vijiwe. Ukiona kidonda kinachofika kwenye nyuzi, au uvimbe ubavuni kama yai, tairi hiyo imekufa. Hakuna kiraka cha ubavuni kinachoaminika. Ukinunua nyingine, tafuta A/T, na kama gari lako ni Land Cruiser 79 au Hilux ya mizigo tafuta zenye herufi LT au C, zilizotengenezwa kwa mzigo. Angalia na namba ya uzito: 102 ni kilo 850 kwa tairi moja, 112 ni kilo 1,120, 121 ni kilo 1,450. Tairi ya baridi ya gari dogo iliyovalishwa 4x4 iliyopakia magunia ya makala (makaa) ni msiba unaosubiri siku.

Inateleza kwenye udongo ilhali meno ni marefu

Bukavu wanaijua hii kuliko sisi. Udongo wa vilima vyao ukinyeshewa unakuwa kama sabuni, na mtu anashangaa: tairi ina meno, ina maandishi ya matope ubavuni, na bado gari linaserereka mtaroni. Simama, shuka, utazame tairi. Kama meno hayaonekani tena na gurudumu limekuwa duara laini la udongo, jibu umelipata. Theluji inabanwa kwenye mifereji myembamba na kuishikilia theluji nyenzake. Tairi ya baridi inafanya kazi hivyo. Udongo wa mfinyanzi unabanwa vile vile, lakini hautoki. Unahitaji mifereji mipana inayojitapika yenyewe gurudumu likizunguka.

Tazama pia mshale wenye neno ROTATION. Tairi nyingi za baridi zina mwelekeo mmoja, na nimeona nyingi zilizofungwa kinyume. Hapo badala ya kutupa maji nje zinayakusanya katikati.

4x4 inaguna kwenye kona, au taa ya 4WD inamulika

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi inapotea.

Dalili: ukigeuka taratibu mahali palipobana unasikia gari linaguna chini, kama linavutwa na kamba. Au baada ya mwendo wa nusu saa taa ya 4WD inaanza kumulika. Au unasikia harufu ya mafuta yaliyoungua. Fundi anasema difu (gia zinazoruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti), au giaboksi ya kugawa nguvu.

Kama gari lako ni la kuweka 4x4 kwa mkono, mfano Hilux nyingi au Land Cruiser 79, anza na swali rahisi: umeiacha kwenye 4H (magurudumu manne yanasukuma) juu ya lami kavu? Kwenye kona magurudumu ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma, na gari hizo hazina difu ya katikati ya kuruhusu tofauti hiyo. Rudisha 2H (mawili tu), rudi nyuma mita chache ili mkazo uachie. Kelele ikiisha, gari ni zima.

Isipoisha, au kama gari lako linajipangia lenyewe kama RAV4, pima mzingo wa tairi. Huhitaji mashine. Chukua uzi usiovutika, uzungushe katikati ya meno ya tairi moja, kata pale unapokutana. Fanya hivyo kwa zote, upepo ukiwa sawa, kila uzi ukiufunga kikaratasi: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto. Kisha zitundike zote kwenye msumari mmoja ukutani. Tofauti utaiona kwa macho, hata mtoto ataiona.

Tairi ya 225/65R17, ya RAV4 kama yangu, ikiwa mpya ina mzingo wa karibu mita 2.27. Weka moja yenye meno ya milimita 8 na nyingine ya milimita 3, na nyuzi zitapishana kwa karibu milimita 31. Inaonekana kitu kidogo. Lakini katika kila kilomita ile iliyolika inazunguka mara 6 zaidi. Kutoka Goma hadi Sake, kilomita kama 25, ni mizunguko 150 ambayo lazima imezwe na kitu fulani, na kinachoimeza ni ile kifaa ya katikati inayogawa nguvu. Inapata moto, kompyuta inaizima ili kuiokoa, taa inamulika. Subaru, kwa magari yao ya aina hii, wanataka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, kama milimita 6. Mimi nafuata kipimo hicho.

Kosa la vipimo ni baya zaidi. Prado nyingi huvaa 265/65R17. Muuzaji akikuletea 265/70R17 atakwambia ni ile ile, 265 ya 17, na kwa macho huwezi kumpinga. Lakini kimo chake kimezidi kwa milimita 26, na mzingo kwa zaidi ya 80. Kwa upande mwingine, 265/70R16 juu ya rimu ya 16 ina kimo karibu sawa kabisa na 265/65R17: milimita 777 kwa 776. Namba ya katikati ni asilimia ya upana, ndiyo maana haisomwi peke yake. Zidisha upana kwa asilimia hiyo, mara mbili, ongeza kimo cha rimu (namba ya mwisho, ambayo ni inchi) baada ya kuigeuza kuwa milimita. Fanya hesabu kwenye simu kabla ya kutoa dola.

Usukani unatetemeka kati ya 80 na 100

Umeshafanya balansi, umerudia, bado. Basi acha tairi, tazama rimu.

Muuzaji wa rimu atakuhesabia matundu ya nati: tano kwa tano, sita kwa sita, inaingia. Kuingia ni kweli. Lakini rimu haikai kwa nati tu, inakaa pia kwa tundu lake la katikati juu ya kitovu cha gari. RAV4 kama yangu na Nissan X-Trail zote zina nati tano kwenye duara la milimita 114.3. Tundu la RAV4 ni milimita 60.1, la X-Trail ni 66.1. Ukiivika RAV4 rimu za X-Trail, kuna milimita 6 za hewa katikati, na gurudumu linakaa pale nati zilipoamua likae. Likikaa upande hata unywele, usukani unatetemeka, na kila ukilivua na kulirudisha mtetemo unabadilika. Hiyo kubadilika ndiyo alama yake. Kinyume chake, rimu za Pajero zenye nati sita zina tundu la 67.1 na kitovu cha Prado ni 106.1, kwa hiyo hazipiti hata kwa nyundo. Nashukuru hazipiti.

Kuna pete za plastiki ngumu au aluminiamu za kujaza nafasi ile. Ukizipata za kipimo chako, zinatibu. Usikubali karatasi ya bati iliyokunjwa.

Halafu nati. Rimu za chuma zinataka nati zenye kichwa cha koni, zinazozama kwenye tundu la koni. Rimu nyingi za aluminiamu za Toyota za zamani zinataka nati zenye shingo ndefu na washa bapa. Mtu akikuuzia rimu bila nati na ukatumia ulizokuwa nazo, koni inakaa juu ya bapa na kugusa kwa mstari mwembamba tu. Dalili yake ni sauti ya klok, klok ukienda taratibu, na nati zinazolegea kila wiki hata ukizikaza vipi. Ukisikia hiyo, usiendelee na safari. Gurudumu linaweza kutoka.

Na kukaza kuna kipimo. RAV4 inataka nyutoni-mita 103. Kwa spana yenye mkono wa nusu mita, hiyo ni sawa na kubonyeza kwa kilo 21 hivi, mikono tu. Nimeona vijana wakipanda juu ya spana na kuruka. Kijana wa kilo 70 anakuwa amezidisha zaidi ya mara tatu, na bolti inayonyooshwa hivyo ndiyo inayokatika baadaye njiani. Mzuie kwa heshima, kaza mwenyewe kwa msalaba, na baada ya kilomita 50 kaza tena.

Tairi inagusa bodi ukikata usukani

Hii ni fupi. Ama tairi ni kubwa kuliko kipimo, ama namba ya ET iliyopigwa kwenye rimu (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaofungwa kwenye kitovu) si ya gari lako. ET ikiwa ndogo, gurudumu linatoka nje, linagusa bawa la gari na kuzichosha beringi. Kukata plastiki ya ndani kunanyamazisha kelele, beringi zinabaki kuumia.

Upepo unapungua polepole na hakuna msumari

Magurudumu ya baridi yakija na rimu zake, mara nyingi ni za chuma. Kule kwao barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi inakula chuma mahali ambapo huoni: kwenye ukingo ambao mdomo wa tairi unaukalia. Paka povu la sabuni pale tairi na rimu zinapokutana, na kwenye valvu. Ukiona mapovu madogo madogo yakiota kama uji unaoanza kuchemka, umepata.

Vua tairi, sugua ukingo kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, paka rangi nyembamba, acha ikauke, rudisha. Kuweka mpira wa ndani ndiyo njia ya haraka na wengi wataishauri. Lakini mpira wa ndani unasuguana na tairi na kuzalisha joto, na ukichomwa unaishiwa upepo kwa ghafla, wakati tairi isiyo na mpira wa ndani hukupa muda wa kutafuta mahali pa kusimama.

Inaondoka vizuri lakini haisimami: simu kutoka Montréal

Dalili ya mwisho si ya hapa. Shemeji yangu anaishi Montréal, ana RAV4 ya huko, na Novemba moja alinipigia akiwa amekasirika. "Shemeji, waliniambia 4x4 haihitaji tairi za baridi. Nimeondoka kwenye taa kuliko wote, na kwenye taa iliyofuata nimepita nikiwa nimekanyaga breki."

Ilikuwa shida yangu ya Munigi iliyogeuzwa juu chini. Yeye alikuwa na tairi za kawaida zilizokakamaa kwa baridi. 4x4 inasaidia kuondoka, maana magurudumu manne yanasukuma. Kusimama, kila gari lina magurudumu manne yanayofunga breki, liwe 4x4 au lisiwe. Québec sheria inadai tairi za baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, na alama inayotakiwa ni ule ule mlima wenye chembe ya theluji. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, M+S peke yake haikubaliwi tena wakati wa barafu.

Akaniuliza achague nini. Nikamwambia: nne, zisiwe mbili. Upana mdogo kuliko za kiangazi ukiruhusiwa na kibandiko cha gari, kwa sababu tairi nyembamba inaikata theluji laini badala ya kuelea juu yake. Rimu ndogo zaidi inayopita juu ya breki, ili tairi iwe na ubavu mrefu wa kumeza mashimo, huku kimo cha jumla kikibaki kile kile. Na awe na seti ya rimu za chuma kwa ajili ya baridi tu, ili asivue na kuvalisha tairi mara mbili kwa mwaka.

Alifanya hivyo. Misimu michache baadaye meno yalishuka, akataka kuniwekea seti nzima kwenye kontena. Nilimshukuru, nikamwomba rimu na nati zake tu. Tairi azipeleke kule wanakozikusanya. Rimu zilifika, tundu 60.1 kama la kwangu, ukingo umejaa kutu ya chumvi. Kwado wangu alizisugua siku nzima, akazivika A/T, na nati za koni zilizokuja nazo zikaingia kwenye koni zake. Tulizikaza kwa mikono, nikaenda Sake na kurudi, tukazikaza tena. Moja ilikuwa imelegea robo mzunguko.